Betri ya Nyuma

Gari la wagonjwa tulilopewa kwenye kituo chetu cha afya, kule Muleba, lilipangwa na watu ambao hawajawahi kuugua. Sisemi kwa kusikia. Nilikaa nao ukumbi mmoja kutwa nzima wakati wanalipanga, nikala pilau yao, nikanywa soda yao, na nikasaini karatasi ya mahudhurio kama wao.

Gari lilikuja tupu. Wafadhili walileta basi dogo jeupe lisilo na kitu ndani, wakasema kabla fundi hajaligeuza wanataka kusikia maoni ya watumiaji. Neno hilo, watumiaji, lilinifurahisha kwa dakika mbili hivi. Kisha nikaingia ukumbini nikakuta watumiaji tumejaa meza nzima, na katika sisi sote aliyewahi kupanda nyuma ya gari la wagonjwa akiwa ameshika mtu anayekata roho nilikuwa mimi peke yangu, muuguzi mkunga wa kituo. Wengine walikuwa wajumbe wa kamati. Juu yao alikaa mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye tumbo la heshima na kalamu tatu mfukoni, ambaye sikumwona akiandika hata na moja.

Mazungumzo yalianza na mlango. Ukidhani tulijadili upana wake, au jinsi ya kuingiza machela bila kuvunjika mgongo, basi huwajui watu wetu. Tulijadili maandishi ya mlangoni. Jina la nani litangulie, la nani lifuate, na herufi ziwe na ukubwa gani. Baada ya mlango kikaja king'ora. Mwenyekiti alitaka sauti mbili, moja ya dharura na nyingine ya dharura zaidi. Nikamuuliza ile ya kwanza itatumika lini. Akanitazama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wachelewaji, akaendelea.

Halafu zikaja taa. Hapo kamati ilichangamka kweli. Walitaka taa za bluu juu, hilo sawa, lakini walitaka pia taa nyeupe kali za pembeni, mbili kila upande, za kumulika nje. Nikauliza za nini. Mjumbe mmoja akajibu kwa sauti ya hotuba kwamba mwananchi aone kuwa huduma imefika. Nikasema mwananchi anayetokwa na damu haoni kitu, anaomba tu damu ikome. Wakaandika taa nne.

Suala la urefu wa ndani lilimalizwa na mjumbe mwingine, aliyeingia garini, akakaa kwenye kiti, akainua shingo, akatoka akasema panatosha. Ni kweli palimtosha, alikuwa amekaa. Mimi ninafanya kazi nimesimama, na tangu siku gari lile lilipoanza kazi mpaka ninastaafu nililitumikia nimeinama kama mtu anayepalilia maharage.

Mtungi wa oksijeni waliufuta kwenye orodha kabla ya chai. Walisema mitungi ni mambo ya zamani, mizito, inabingirika, inataka kujazwa Mwanza. Tutapewa mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya kawaida na kuichuja, na itafungwa ukutani kwa skrubu ili isiibiwe. Nikasema mashine ni nzuri lakini inakula umeme, na mtungi hauli kitu, basi tuwe na vyote viwili. Mwenyekiti akasema tusirudi nyuma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye mapafu mazima hamjui anayetafuta pumzi.

Sikuwa nimeenda pale mikono mitupu. Kaka yangu ni fundi umeme wa magari, ana kibanda Miembeni, na wiki moja kabla ya kikao nilishuka Bukoba kumwona. Alinichorea mambo nyuma ya kalenda ya ukutani, mkono wote umejaa grisi.

"Dada, gari lenu litawafia siku mtakapowasha kila kitu injini ikiwa imezimwa," aliniambia. "Omba betri ya pili, ikae nyuma, iwe ya vifaa tu. Ya mbele ibaki ya kuwashia gari. Omba na mita ya hiyo ya nyuma, mjue imebaki na kiasi gani. Na omba tundu la kuchomeka waya wa ukutani, ili gari likiwa limepaki pale kituoni betri inywe umeme wa kituo. Vitu vitatu, dada. Ukipewa kimoja tu, umepewa ugonjwa."

Basi zamu yangu ilipofika nikasimama na kalenda yangu nikaeleza betri ya pili. Nilieleza vizuri, hata mhudumu wa chai alisimama mlangoni kusikiliza. Mwenyekiti aliningoja nimalize, akajiegemeza kwenye kiti.

"Muuguzi," akasema, "binadamu ana moyo mmoja na anaishi miaka themanini. Gari betri mbili za nini?"

Ukumbi ukacheka. Nikasubiri wanyamaze.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "binadamu ana figo mbili."

Wakacheka zaidi, na safari hii aliyechekwa hakuwa mimi. Hata mgeni wa wafadhili alicheka, alipotafsiriwa. Betri niliipata papo hapo. Hoja yangu haikuwa imewagusa, waliguswa na kicheko, na mwenyekiti alitaka kipite upesi. Mita wakainyima, wakasema dereva yupo, ya nini mita. Tundu la ukutani wakalinyima pia, mwenyekiti akasema gari siyo simu, halichajiwi. Na mimi nikakaa chini. Hilo nataka lieleweke, kwa kuwa huwa naliruka ninapowasimulia watu: nilikaa chini. Nilikuwa nimemshinda mwenyekiti mbele ya watu, nikashiba ushindi, vile vitu viwili nikaviacha mezani.

Gari likarudi limepakwa rangi, majina yote mlangoni. Kati ya dereva na sisi wa nyuma waliweka kioo kinene kisichofunguka, ili kumpasha habari dereva ni lazima ugonge kwa ngumi. Mashine ya oksijeni ilikuwa ukutani kwa skrubu sita. Chini ya benchi, kwenye sanduku la bati, ilikaa betri yangu, na juu yake inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kila mgeni aliyekuja kituoni nilimfunulia lile sanduku. Wenzangu wakaanza kuiita betri ya sista, na sikuwakataza.

Dereva tuliyepewa alikuwa mtu wa Kanazi, mpole, mwenye mke na shamba la kahawa, msafi kupita kiasi. Aliosha magurudumu kila asubuhi. Maneno yangu kuhusu betri mbili aliyashika kama katekisimu. Ya mbele ya gari, ya nyuma ya mgonjwa. Ukimgusa kidogo anakueleza.

Sasa nije kwenye senene. Asiyetoka Kagera ataona ajabu kwamba mdudu anayefanana na panzi anaweza kusimamisha kazi za watu wazima, lakini wakishuka, wanasimamisha. Zamani wanawake waliwaokota alfajiri kwenye majani na hawakuruhusiwa kuwala. Bibi harusi mpya aliwaandaa, akawafunga vizuri, akampelekea mumewe, na mume akamnunulia kitenge. Siku hizi tunakula wote, na hatuokoti. Tunasimamisha mabati, tunaweka mapipa chini yake, tunawasha taa kali. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza ndani ya pipa. Kinachotakiwa ni umeme tu.

Jioni moja ya msimu ule, mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na kila mtu alijua watashuka. Watumishi walikuwa wamekwisha simamisha mabati nyuma ya jiko la kituo. Umeme ukakatika. Haukuwa umepita muda dereva akabisha mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Sista, waitu," akasema, kwa neno letu la Kihaya la heshima, "zile taa za pembeni za gari. Hazijawahi kufanya kazi yoyote tangu zije."

Nikacheka, nikajua anakoelekea. Nikamwuliza asubuhi gari litawaka kweli.

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza kwanza. Nikiziunga kwenye betri yako ya nyuma, ya mbele siigusi kabisa. Asubuhi litawaka kama kawaida."

Nilisimama pale mlangoni nikiwa na akili zangu timamu. Sikuwa nimelewa, sikuwa na usingizi, wala hakuna aliyenishikia panga. Nilifikiria tu kwamba taa za mwenyekiti zimepata kazi inayolingana na akili yake. Wazo hilo lilinifurahisha mno.

"Tumia ya nyuma," nikamwambia. "Ya mbele usiiguse. Na mimi mniletee bakuli."

Asubuhi bakuli lilikuja limefunikwa kwa sahani. Mke wa dereva alikuwa amewanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu kidogo, wakawa wekundu, wanalia mdomoni. Nilikula na chai ya rangi, nimesimama dirishani, nikiwaza jinsi nitakavyomsimulia kaka yangu habari za taa za kamati. Niliwamaliza wote.

Hazikupita saa mbili, pikipiki ikaleta msichana wa kilimani, mimba yake ya kwanza, uchungu umemwanza kabla ya wakati. Aliketi katikati ya dereva wa pikipiki na mama mkwe wake, meno ameyauma. Alijifungua upesi. Mtoto alikuwa wa kike, njiti, mguu wake mzima haufikii kidole changu cha kati. Alilia mara moja, sauti kama ya paka aliyefungiwa, kisha akaanza kupumua kwa kuvuta mbavu ndani. Ukimwona mtoto anapumua hivyo huhitaji kipimo. Anachoka. Akichoka, anaacha. Umeme ulikuwa umerudi alfajiri, tukamwekea oksijeni kwa mashine ya wodini, akapata rangi, na kwa kuwa kituoni kwetu hapakuwa na pa kumtunza nikasema twende Bukoba.

Dereva akageuza ufunguo. Gari likawaka mara moja, bila hata kukohoa. Tukatazamana kupitia kile kioo chao, na wote wawili tukatabasamu.

Mama nilimlaza, mtoto nikamweka kifuani pake ngozi kwa ngozi, nikawafunika kwa kanga mbili. Mpira wa oksijeni puani, mashine inanguruma. Tukateremka, tukapita Muhutwe. Mama aliniuliza kama mtoto anaweza kupewa jina kabla hajafika hospitali. Nikamwambia anaweza. Akaniuliza langu. Nilikuwa ninafungua mdomo nimjibu, inveta ikaanza kulia.

Ililia mlio mmoja mrefu, taa yake ikawa nyekundu, na mashine ikazima. Sijawahi kuchukia ukimya kama ule. Nikazima swichi nikawasha, ikanguruma kidogo ikafa tena. Nikagonga kioo kwa ngumi, mara tatu, mara nne, kwa maana wale mabwana walinunua kioo kinene. Dereva akasimamisha gari pembeni, akaja kufungua mlango wa nyuma.

"Injini haina tatizo, sista," akasema. "Inawaka."

Kisha akaangalia lile sanduku la bati chini ya benchi. Uso wake ukabadilika.

"Senene," akasema.

Midomo ya mtoto ilikuwa inaanza kuwa ya bluu. Nilichukua kile kipira cha kupulizia hewa tunachokiminya kwa vidole, nikamwekea puani na mdomoni, nikaanza kuminya. Hewa niliyokuwa nampa ilikuwa hewa ya kawaida tu, ile ile inayoingia dirishani, na mapafu yake yalikuwa yanataka zaidi ya hiyo. Mama alikuwa ananitazama mimi, si mtoto.

"Endesha," nikamwambia dereva. "Popote penye soketi."

Alijua pa kwenda, kwa kuwa barabara ile ilipita kwao. Tuliingia Kanazi na king'ora, na alibonyeza ile sauti ya pili, ya dharura zaidi. Mwenyekiti angefurahi. Njia nzima niliminya kipira nimeinama, kichwa kinagonga paa kila shimo, na hesabu ya kuminya ikawa inanipotea kwa kuwa kinywani bado nilikuwa na ladha ya kitunguu.

Penye soketi palikuwa kwa kinyozi. Dereva alirudisha gari kinyumenyume mpaka karibu aingie dukani, akaruka chini, akachomoa mashine ya kunyolea ukutani bila kuomba. Mteja alikuwa kitini, amenyolewa nusu ya kichwa. Kinyozi alitaka kugomba, akaniona nyuma ya gari, akaenda mwenyewe kuleta ekstensheni. Waya ukapita juu ya mapaja ya yule mteja, ukatoka mlangoni, ukaingia garini. Nikachomeka mashine ya oksijeni. Ikanguruma.

Rangi ya mtoto ilirudi polepole, ikianzia kwenye ulimi. Sikuangalia saa wakati inazima wala wakati inawaka. Baadaye daktari aliniuliza zilikuwa dakika ngapi, nikamwambia sijui, na hilo lilikuwa kweli. Tulikaa pale mlangoni kwa kinyozi mpaka Bukoba walipotuma gari lao. Lilikuwa kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, halina taa hata moja ya pembeni. Ndani lilikuwa na mtungi wa oksijeni, umefungwa kwenye kiti kwa kamba ya katani. Mtoto alifika hospitali akipumua kutoka kwenye kitu ambacho kamati ilikifuta kabla ya chai.

Jioni nilienda Miembeni kwa kaka yangu. Nilimwambia gari liliwaka vizuri, dinamo inachaji, sasa kwa nini inveta ikazima. Hakuinua kichwa kutoka kwenye injini aliyokuwa akiifungua.

"Betri iliyokauka haitoi, inakunywa," akasema. "Umeme wote wa dinamo ilikuwa inaumeza yenyewe. Nani aliikausha?"

Nikamwambia ni dereva.

Kamati ikaitisha kikao, safari hii bila pilau. Mwenyekiti aliuliza nani alitumia betri ya mgonjwa kukamatia senene. Dereva akasimama, kofia mkononi, akasema, "Ni mimi." Mwenyekiti akamwuliza alipewa ruhusa na nani. Dereva akaigeuza kofia yake. Nilikuwa nimekaa viti vitatu kutoka kwake. Hakugeuka kunitazama.

"Niliamua mwenyewe," akasema.

Hapo ndipo niliposimama. Nilizungumza muda mrefu, na nilizungumza vizuri kuliko siku ya kwanza. Niliwakumbusha mita waliyoninyima, na tundu la ukutani, na mtungi. Niliwauliza dereva angejuaje betri imekauka bila mita, na ingejaa vipi bila tundu. Niliwaambia gari lile limepangwa na watu waliokaa. Wengine waliinamisha vichwa. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na nilisema ukweli wa kila mtu isipokuwa wangu. Nyani haoni kundule, husema watu, na miaka yote nilidhani methali ile imetungwa kwa ajili ya wenyeviti.

Uamuzi wa kamati uliwafaa wenyewe. Mita hawakuweka. Tundu hawakuweka. Walibandika kibao getini kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUKAMATA SENENE ENEO LA KITUO. Na dereva wakamwondoa kazini.

Nilimfuata Kanazi mara moja, miezi mingi baadaye. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni anavyopewa kwetu, tukaongea habari za mvua na bei ya kahawa. Jambo lile hakulitaja, na mimi niliyeenda kulitaja sikulitaja. Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani. Niliona haya, nikatembea haraka.

Nilipostaafu nilirudi kwetu Kashozi. Yule msichana wa kilimani alinitafuta mpaka akanipata, na kila msimu wa senene alikuja. Alipanda gari kutoka Muleba, akashuka, akauliza njia, akaingia uani kwangu na kifurushi cha jani la mgomba kimefungwa kwa ustadi kama cha bibi harusi. Alipiga magoti kunisalimia ingawa nilimkataza.

"Kasinge waitu," aliniambia kila mara, asante. "Wewe ndiye uliyempulizia mwanangu pumzi."

Na mtoto alikuwa na jina langu. Nilipokea kifurushi kwa mikono miwili, nikasubiri waondoke, nikawamwagia kuku. Kuku wangu walikuwa na manyoya mazuri kuliko ya kuku wa kijiji kizima.

Miaka ya kwanza mtoto alikuja amebebwa mgongoni. Mwaka jana alikuja kwa miguu yake, ana miaka minne, mchangamfu, anauliza jina la kila kitu. Mguu wa kushoto aliuburuta. Niliona kabla hawajafika kwenye mgomba wa kwanza. Mama yake akaona nimeona.

"Hospitali wamesema ni kwa sababu alizaliwa njiti," akasema. "Mungu amemuumba hivyo. Siyo kitu, waitu, mradi anapumua."

Inawezekana ni unjiti. Nimewazalisha njiti wengi, na wapo waliotoka hivyo bila kukosa oksijeni hata dakika moja. Inawezekana pia ni zile dakika ambazo sikuziangalia kwenye saa. Hakuna daktari atakayeweza kuniambia, na nimeuliza. Ningeweza kumwachia Mungu mzigo, kama mama mtu alivyomwachia. Lakini alikuwa ananinyooshea kile kifurushi, na kilikuwa bado cha moto.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimesimama, maneno yakitoka vibaya, mimi ninayejulikana kwa kusema vizuri. Kwamba mashine ilizima kwa sababu betri ilikuwa imekauka. Kwamba ilikaushwa na taa za kukamatia senene. Kwamba dereva aliniomba ruhusa, nikampa, na akafukuzwa kazi nikiwa nimenyamaza. Mtoto alikuwa anafukuza kuku.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Wale senene," akasema. "Na wewe ulikula?"

"Nilikula."

"Walikuwa watamu?"

Nilifikiria kusema sikumbuki.

"Walikuwa watamu," nikamwambia.

Aliweka kifurushi kwenye benchi, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akamwita mtoto kwa jina langu, akamshika mkono, wakashuka na njia ya migomba, yeye akipunguza hatua ili ule mguu umfikie.

Mwaka huu wameshuka tena, wengi, watoto wa jirani wanapita na ndoo zimejaa. Nimekaa barazani tangu Jumatatu. Hajaja.